Mbio za Marahaba

Breki za gari zikiungua, wenzangu hushuka wamekunja pua. Mimi huvuta hewa. Juzi tulimaliza mbio kwenye barabara za vumbi za Getanuwas, upande wa Hanang, na magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa moshi mwembamba. Fundi wangu alikuja anafoka kwamba nimezimaliza breki kabla ya wakati wake, kama kawaida yangu. Nilikuwa nimesimama na helmeti kwapani, nanusa mpira ulioungua, na akili ilikuwa imeshafika kijijini kwetu Tlawi. Niko juu ya baiskeli ya mti, goti moja kwenye ubao, kisigino cha mguu wa pili kinakandamiza kipande cha katambuga, kile kiatu cha tairi, juu ya gurudumu la nyuma, na mbele yangu wazee wanne wanapanda kilima kutoka mnadani.

Watu huniuliza nilijifunzia wapi kuendesha. Wanategemea niwatajie chuo fulani cha udereva, au mjomba fulani mwenye lori. Kila dereva ana mtindo wake, na wangu unajulikana: nafunga breki mapema kuliko wote, halafu natoka kwenye kona mapema kuliko wote. Wapo wanaoniita mwoga. Sawa, na waniite. Sijawahi kuwaeleza kwamba mtindo huo sikufundishwa na mtu yeyote mwenye leseni. Nilifundishwa na shikamoo.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku juu mnajua ninachosema. Kwetu shikamoo haikuwa neno la kurusha huku unapita. Mtoto alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akasema, akangoja. Kungoja ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mkubwa alikuwa na hiari ya kujibu mara moja, au kukohoa kwanza, au kuhamishia fimbo mkono wa pili, kuvuta blanketi begani, kisha kuuliza kama mama hajambo, kama ng'ombe amezaa, na kama yule mbwa wenu mkali bado yupo. Mpaka marahaba itoke, hukuwa na ruhusa ya kunyanyua mguu.

Sasa ichukue desturi hiyo uiweke kwenye mteremko. Kutoka kwetu hadi mashine ya kusaga bondeni ilikuwa ni kushuka tu, kona sita, changarawe na mitaro. Baiskeli zetu zilikuwa za mti kuanzia usukani hadi magurudumu, zimechongwa kwa panga na patasi, na magurudumu yamevishwa ukanda wa tairi kuukuu kwa misumari. Hazikuwa na pedali wala mnyororo. Kupanda tulizisukuma sisi, kushuka zilitubeba zenyewe. Kazi yake halali ilikuwa kupeleka debe la mahindi kusagwa. Kazi yake ya kweli ilikuwa mashindano. Siku nzuri ya kushindana ilikuwa siku ya mnada, kwa kuwa wazazi walikuwa huko na hakuna aliyetuona tukiondoka. Ubaya wake ni kwamba mchana ule ule kila mzee mwenye miguu alikuwa anarudi nyumbani kwa barabara ile ile. Wao wanapanda, sisi tunashuka.

Mwanzoni tulishuka kama mvua ya mawe, tunapiga kelele "Shikamooni!" hewani, atakayeipata aipate. Jumapili yake, baada ya misa, mashtaka yakaanza. Wazee walipanga foleni nje ya kanisa mbele ya wazazi wetu, kila mmoja na jeraha lake la heshima. Mzee Tluway alisema watoto wa siku hizi wanampita kama wanavyoipita nguzo ya boma. Alisema hivyo mara tatu, na kila mara nguzo ilizidi kuwa kuukuu.

Baba mdogo Danieli, seremala aliyezichonga baiskeli zile zote na hivyo kujiona mshtakiwa wa kwanza, ndiye aliyetoa sheria. Mbio ziendelee, alisema, lakini atakayempita mkubwa bila kusimama na kuipokea marahaba, ushindi wake umekufa. Yeye mwenyewe angekaa mashineni kama mwamuzi. Na ili asidanganywe, kila aliyefika aliulizwa kila mzee amesema nini. Haikutosha kudai umemsalimia Mzee Tluway. Ilibidi ueleze kwamba mguu wa Mzee Tluway unamuuma tena, na kwamba kondoo wake wawili wamekosa mnunuzi. Hata hapo matokeo yalikuwa ya muda tu. Yalithibitishwa Jumapili baada ya misa, endapo hakuna aliyeleta malalamiko. Tangu hapo nimeshiriki mashindano makubwa yenye waamuzi wenye kompyuta, na sijaona usimamizi mkali kama ule.

Sheria ile ndiyo iliyotupa kila mmoja mtindo wake. Martini, jirani yetu, aliyenizidi mwaka mmoja na kiburi cha miaka kumi, alikuwa mtu wa nguvu. Alikuja kwa kasi yake yote, akafunga breki puani pa mzee, vumbi likamfunika mzee wa watu, na shikamoo ikatokea humo humo vumbini. Wazee walimjibu haraka ili wapate kupumua. Fabiani, mtoto wa katekista, alipenda mazungumzo. Alishuka kabisa, akaiegemeza baiskeli, akauliza habari za mguu kabla hajaambiwa. Alifika mashineni sisi tumeshamaliza kusaga.

Mimi mtindo wangu ulikuwa hesabu. Nilianza kupunguza mwendo mbali, hatua thelathini hivi, nikatoa shikamoo kwa sauti ya wazi. Mzee alipata nafasi ya kukohoa na kuhamisha fimbo yake, na mimi ninapofika mbele yake na kusimama, marahaba nayo inafika. Sekunde mbili, nimeondoka. Lakini ili ifanye kazi ilikuwa lazima uwajue watu. Nilikuwa nikiwakariri huku nachunga mbuzi: kona ya pili, Mzee Tluway, sikio la kushoto halisikii, pita kulia; kona ya nne, Mama Roza na wenzake, msalimie yeye wa kwanza la sivyo atanuna mpaka Pasaka. Leo kuna kijana anakaa kiti cha pembeni garini mwangu na kunisomea barabara kutoka kwenye daftari, kulia kali, mawe, daraja jembamba. Anajua kazi yake. Ila mara nyingi nahisi kuna jambo anasahau, hajaniambia ni nani amesimama hapo.

Tena nilikuwa na siri, nayo ni mafuta ya mkia wa kondoo. Kila kondoo alipochinjwa kwetu nilijipatia kipande, nikakipaka pale gurudumu linapozungukia ekseli, na baiskeli yangu ikashuka kimya kama paka. Kwenye ubao wake nilikuwa nimeandika kwa mkaa UTANIKUTA. Ya Martini iliandikwa NAKUJA, na hakukuwa na haja ya kuandika, maana ililia mlio uliosikika mpaka kanisani.

Hivyo basi, kwa hesabu zangu na mafuta yangu, nilistahili kushinda kila mnada. Kilichoniangusha ni kona ya sita.

Pale kona ya sita, ya mwisho kabla ya mashine, alisimama Bibi Emilia, bibi yake Martini, mama mzazi wa baba yake. Kila siku ya mnada alipumzika hapo kabla ya kuanza kupanda, mrefu, mwembamba, kikapu mkononi na shuka jeusi begani. Martini alikuwa hata hajamaliza shikamoo yake, Bibi ameshasema, "Huyo Martini. Marahaba, nenda zako." Mimi nikifika, nimesimama vizuri, nimeinamisha kichwa, shikamoo imetoka safi kabisa, ananigeuzia uso taratibu na kuniuliza, "Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Mtoto wa nani! Mimi niliyekunywa maziwa ya mgando nyumbani kwake tangu sina meno!

"Wa Paulo, Bibi."

"Paulo yupi?"

"Wa hapo juu, Bibi, karibu na kwenu."

"Ahaa. Wa kike au wa kiume?"

Nilikuwa nimevaa gauni la njano lenye maua makubwa kama sahani.

Mara tatu nilifika kona ile wa kwanza na mara tatu nikatoka wa pili. Kichwani mwangu kesi ilikuwa imekwisha: Bibi Emilia anamsaidia mjukuu wake ashinde. Anajifanya hanijui. Anauliza maswali ya kijinga ili Martini apite. Nilimchukia yule mwanamke kwa chuki safi ya mtoto, na usiku nilipiga magoti na kumwomba Mungu amtafutie kona nyingine ya kupumzikia. Nilipomshtakia Mama, yeye hata hakuacha kupepeta maharage.

"Mkubwa akikuuliza wewe ni nani, unajibu," alisema. "Na nisikilize vizuri, Paskalina. Nimechoka kuaibishwa nje ya kanisa. Likija shitaka moja tu jingine, hiyo baiskeli yako itapika makande."

Mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Mwaka uliotangulia alisema jogoo wetu akidonoa tena mtoto wa jirani ataliwa, akadonoa, na tukamla siku ile ile, wala hapakuwa na mgeni wa kumchinjia. Kwa hiyo nilijua ninachobeba kila niliposhuka. Baiskeli ile ndiyo ilikuwa kitu changu cha pekee. Viatu vilikuwa vya dada, gauni lilikuwa la binamu, hata jina lilikuwa la shangazi. UTANIKUTA ilikuwa yangu.

Zikaja mbio kubwa za mwaka ule. Baba mdogo Danieli alikuwa amechomoa beringi mbili kutoka kwenye lori bovu mjini Mbulu, zimesuguliwa kwa majivu mpaka zinang'aa, na akatangaza kwamba mshindi atafungiwa hizo kwenye gurudumu la mbele. Hatukulala. Siku moja kabla, Martini alikuja kwetu amejiinamia, akazunguka zunguka, mwisho akauliza, "Paska, hivi yako kwa nini hailii?"

Dereva akiulizwa kuhusu gari lake hupoteza akili. Nimewaona watu wazima wakieleza siri zao zote kwa mpinzani kwa sababu tu amesifia injini. Nilimweleza habari za mkia wa kondoo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kitu kimoja sikumwambia, kwamba mafuta yanapakwa kwenye ekseli peke yake, yasiguse ukanda wa tairi ambapo katambuga inakandamiza. Nilisahau au nilifanya ujanja? Nimejiuliza mara nyingi, na mpaka leo nikijibu "nilisahau" sauti yangu inapanda kidogo.

Siku yenyewe tulianza watano. Wawili waliishia mtaroni kwenye kona ya kwanza na sitawataja, wana watoto wakubwa sasa. Kona ya pili nilipita kulia kwa Mzee Tluway, mguu unauma, kondoo wameuzwa. Kona ya nne Mama Roza alijibu wa kwanza na wenzake wakafuata kama kwaya. Niligeuka mara moja tu. Martini alikuwa nyuma, mbali, na baiskeli yake haikutoa hata mlio wa panya. Moyo wangu ulikuwa unaimba. Kwa kona ya sita nilikuwa na mpango mpya kabisa, nilioufikiria wiki nzima. Hatua thelathini kabla ya kufika nikapaza sauti:

"Shikamoo Bibi Emilia! Mimi ni Paskalina, wa Paulo, wa hapo juu, wa kike!"

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. "Marahaba Paskalina wa kike," alisema nilipomfikia na kusimama. "Leo umekuja na cheti cha ubatizo kabisa. Mama hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

"Na Martini umemwacha wapi? Leo simsikii."

Nilitazama nyuma nimwoneshe. Martini alikuwa anaikata kona, na nikajua mara moja kwamba mambo yameharibika. Kisigino chake kilikuwa juu ya katambuga, anakandamiza mpaka uso umekunjamana, na gurudumu linazunguka tu chini yake, limejaa mafuta, linang'aa. Alikuwa amepaka kila mahali, na kushuka huko kote kulikuwa kumeyayeyusha mafuta mpaka yakaenea kwenye ukanda wa tairi. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna shikamoo iliyotoka, wala kelele yoyote.

"Haya pita, mwanangu, nisikucheleweshe," alisema Bibi Emilia, na akarudi hatua mbili kunipisha, katikati ya barabara. Uso wake ulikuwa umeelekea kwa Martini moja kwa moja. Alimtazama hivi, mtoto mzima na baiskeli na debe la mahindi vinamjia, na alikuwa ametulia na tabasamu lake.

Anamtazama na hamwoni. Hilo ndilo nililoliwaza, kama ni kuwaza. Nikaisukuma UTANIKUTA ikalala katikati ya barabara, kati ya yule bibi na mjukuu wake.

Mti ulipogonga mti ulitoa sauti kama ya nyumba inayovunjwa. Martini aliruka juu ya baiskeli zote mbili na kutua kwenye shamba la maharage. Mahindi yalimwagika barabara nzima, ya kwetu na ya kwao, na sijui kuku walipewa habari na nani, maana walifika kabla vumbi halijatulia.

"Nini hicho?" Bibi aliuliza. Aliuliza upande ambao hapakuwa na mtu. Mkono wake ukatafuta hewani mpaka ukapata kichwa changu, ukashuka kwenye paji la uso, pua, kidevu, pole pole.

"Bibi," nikasema, kwa adabu yote ya mtoto, "kwani huoni?"

"Mwanga nauona. Watu, tangu mvua zilizopita, hapana." Kisha akainama, akashusha sauti. "Martini nilikuwa namjua kwa huo mlio wa baiskeli yake. Wewe unakuja kimya kama mwizi, nitajuaje? Paskalina, usiwaambie. Wanangu wakijua watanikalisha jikoni kama chungu. Wataniletea chakula na wataniletea habari, na mnada nitausikia kwa watu tu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilizikumbuka zile sala zangu zote za usiku na nikatamani kuzifuta moja moja. Martini alitoka kwenye maharage na majani kichwani, anachechemea, anapiga kelele kwamba nimemuua na kwamba nimefanya makusudi. Wakati anaendelea kufa, Fabiani akafika. Alishuka, akaiegemeza baiskeli, akamwamkia Bibi Emilia, akajibiwa, akauliza habari za mnadani, akampa Martini pole ya goti, akatuokotea mahindi kiasi cha viganja viwili, akaaga. Alichukua zile beringi. "Mwenda pole hajikwai," aliniambia baadaye, na hilo sijamsamehe.

Jumapili baba yake Martini hakungoja hata kengele inyamaze. Alinishtaki mbele ya watu wote nje ya kanisa: mtoto huyu amemtegea mwanangu baiskeli barabarani ili asishinde, na mama yangu mzazi alikuwa hapo hapo, angeweza kuumizwa. Watu walitikisa vichwa. Mama alinigeukia.

"Paskalina. Ulifanya makusudi?"

Bibi Emilia alikuwa amesimama pembeni ya mwanawe, mikono yote miwili juu ya fimbo. Niliona midomo yake ikifunguka. Alikuwa anakwenda kusema. Neno moja lake lingetosha, na baiskeli yangu ingepona, na mimi ningekuwa mtoto aliyemwokoa bibi wa watu. Ningependa kuwaambia kwamba nilimkatiza hapo hapo. Ukweli ni kwamba nilimngoja. Nilimngoja aseme, nikahesabu moja, mbili, kama ninavyongoja marahaba. Kisha nikamwona amekalishwa jikoni kama chungu, nikashindwa.

"Nilifanya makusudi, Mama," nikasema. "Sikutaka anipite."

Baiskeli ilikatwa siku ile ile, kwa panga, nyuma ya jiko. Nililia wazi wazi bila kujificha, kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Mama alibandika makande, akazipanga kuni, na ubao wenye UTANIKUTA akautia mwishoni. Mafuta ya kondoo yaliwaka vizuri mno. Alinitazama kwa muda mrefu juu ya ule moto.

"Kuna kitu hunielezi," alisema.

"Hakuna, Mama."

"Haya. Kula."

Yalikuwa makande matamu kuliko yote niliyowahi kula nyumbani, na hilo liliniuma zaidi.

Mnada uliofuata, asubuhi, tulisikia hodi uani. Alikuwa Bibi Emilia na kikapu chake. Alimwambia Mama kwamba amesikia mtoto huyu siku hizi hana usafiri wala kazi, basi kama ni adhabu inatafutwa, apewe amsindikize mnadani, ambebee kikapu. Mama aliona ni adhabu nzuri kabisa. Tulipotoka getini Bibi aliweka mkono begani kwangu, mwepesi, mtu mwingine asingeona chochote zaidi ya mtoto na bibi.

"Sasa niambie," alisema.

Nikaanza kumsomea barabara. Jiwe, Bibi, kushoto. Mtaro, ruka kidogo. Mzee Tluway, kulia, hatua kumi, ana kondoo mmoja. "Tluway!" aliita Bibi Emilia kabla yule mzee hajafungua mdomo. "Mguu unaendeleaje? Na mbona leo umemleta mmoja tu?" Mzee Tluway alituambia, na akawaambia watu wote mnadani, kwamba katika rika lao hakuna mwenye macho kama ya Emilia.

Sifa zikanilevya, na dereva aliyelewa sifa hufanya makosa. Kwenye kona ya tatu jua lilikuwa usoni, vumbi limesimama, nami nikasema haraka haraka, "Watu wawili, Bibi, mmoja mrefu." Bibi Emilia akasimama, akainamisha kichwa, akawauliza habari za asubuhi na za nyumbani, na kama wanakwenda mnadani. Walikuwa punda wawili wa Mama Roza. Mama Roza mwenyewe alikuwa nyuma yao anafunga mzigo, na alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Alidhani ni utani. Mpaka jioni sifa za Bibi Emilia zilikuwa mbili, macho na uchekeshaji. Lakini mimi begani nilifinywa.

"Tazama vizuri," alininong'oneza. "Mimi nakutegemea wewe."

Wakati wa kurudi tulipumzika kona ya sita. Nilijua wanakuja. Nilijua saa yenyewe, nilijua hata ni nani ameanza vibaya. Nilitazama chini nisione.

"Kuna mtu," alisema Bibi. Martini alikuwa ameendelea kupaka mafuta, sasa kwa ustadi, na hakukuwa na mlio wowote. Sijui Bibi alijuaje. Labda nilishtuka chini ya mkono wake.

"Ni Martini, Bibi."

"Yuko mbali?"

"Hatua thelathini."

"Shikamoo Bibi!" ikaja sauti kutoka mbali, kwa wazi, kwa mtindo wangu. Alikuwa ameniibia mtindo wangu, mshenzi yule.

Bibi Emilia alifungua mdomo ajibu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwacha ajibu mapema mno, Martini asimame hapo angoje marahaba nyingine. "Bado, Bibi," nikasema. "Ishirini. Kumi. Sasa."

"Marahaba!"

Ilimpata pale pale alipogusisha mguu chini, wala hakumaliza kusimama, akaondoka. Alinigeukia mara moja, macho yamemtoka. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba hakuna mtu aliyewahi kuipita kona ile hivyo. Nilimtazama akishuka mpaka mashineni, nikasikia wanavyoshangilia kule chini, na machozi yakaanza kunitoka bila ruhusa yangu.

Bibi alingoja nimalize kupenga kamasi.

"Ungekuwamo leo," aliuliza, "ungekuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza, Bibi."

Hakunipa pole. Aliuweka mkono begani kwangu tena, safari hii kwa uzito wake wote, akageukia mlima.

"Basi ongeza mwendo," alisema. "Nasikia kwato za punda wa Roza huko mbele, na mimi sipendi kula vumbi la mtu."

Tuliwapita kwenye kona ya tano, upande wa ndani, mimi nikihema, na Bibi Emilia akawaamkia punda wote wawili kwa heshima zote.